Kitambaa cha Mtu Ambaye Hajaja

Basi lilimshusha Mama Pindo kwenye geti la nyuma la chuo, masanduku mawili mikononi na kofia ya jenerali kichwani, kwa kuwa haikuenea sandukuni. Mlinzi alimtazama toka unyayo hadi utosi.

"Mama, wauza mitumba hawaruhusiwi ndani."

"Mimi mwanafunzi, baba. Leo nina mtihani. Naona wewe ndiye swali la kwanza."

Mlinzi akacheka, akafungua.

Mwaka mzima Mama Pindo alikuwa amesoma kozi ya sanaa, jamii na ujasiriamali, ila masomo yalifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi mjini. Chuo chenyewe hakuwahi kukikanyaga. Korido zilifanana kama mapacha. Aliingia maabara ya kemia, akapiga saluti, akatoka.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshonea vikundi vya maigizo. Mfalme akifa jukwaani, joho lilirudi kwake. Nguo zilijaa nyumbani mpaka chumbani; mumewe alilala kati ya mahakimu wawili na bibi harusi watatu. "Mke wangu, mimi nilioa mmoja," alilalamika juzi, na tayari alikuwa ameongea na fundi magodoro aje azichukue zote, azichanechane. Ndiyo maana Mama Pindo alitaka kitu kimoja tu siku hiyo: stoo tupu aliyosikia iko nyuma ya ukumbi wa chuo. Jopo la mtihani likiukubali mradi wake, nguo zitahamia huko, na kila kikundi mjini kitakuja kuazima badala ya kushona na kutupa. Likikataa, jenerali na bibi harusi wataishia godoroni.

Kozi iliwafunga wanafunzi wawili wawili, wa sanaa na wa biashara, kama ng'ombe wa jembe. Mwenzake alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, hodari wa kuongea, asiyejua hata kushona kifungo. Mama Pindo alimwita Mchumi. Wiki hiyo Mchumi ndiye aliyekaa na joho la mfalme ili alipige pasi.

Alipokipata chumba cha mtihani, Mchumi alikuwa keshafika na joho, na jopo la watu watatu limekwisha keti. Mwenyekiti wao alikuwa mhadhiri mwenye kifua kama kabati, na mfalme wa mwisho kuvaa lile joho alikuwa mwembamba kama ufagio. Ndivyo wanawake hao wawili walivyopanga: Mama Pindo alipanue joho papo hapo, jopo lione nguo moja ikitosha miili kumi. Mama Pindo huacha kitambaa kingi ndani ya kila mshono na kila pindo, na jina lake lilitokana na hilo, ila hakuwahi kumweleza Mchumi.

Akaligeuza joho ndani nje. Mishono yote ilikuwa myembamba, imenyolewa.

"Nimekusafishia, Mama," Mchumi alinong'ona kwa fahari. "Kulikuwa na vitambaa vimebaki ndani. Nimevikata vyote."

"Vyote?"

"Hata vya kwapani."

"Mwanangu, umekata duka zima na mlango wake."

Binti alisawajika. Mama Pindo akavuta kigoda, akaketi. Maji yalikwisha mwagika, na kilio hakishoni nguo.

"Ongea nao," alisema.

"Niongee nini sasa?"

"Waambie ulichokata."

Mchumi akaanza. Alipofika kwenye kosa lake, wanajopo waliacha kuchungulia simu. Aliwaeleza kwamba fundi wa maigizo humshonea aliyepo na ambaye bado hajaja. "Miaka mitatu ya biashara nimefundishwa kupunguza kinachobaki," alisema. "Leo ndiyo nimejua kilichobaki kilikuwa cha mtu."

Huku nyuma, Mama Pindo alikuwa ameinua upindo wa gauni lake mwenyewe la manjano na kuufumua. Ndani mlikuwa na kitambaa cha upana wa vidole vinne, kimejikunja kikisubiri. Akakikata, akafumua makwapa ya joho, akamwendea mwenyekiti, akamvika.

"Mheshimiwa, inua mikono."

"Utanichoma?"

"Ukicheka, ndiyo."

Akacheka. Akachomwa. Wenzake wawili wakacheka zaidi.

Dakika kumi na mbili baadaye joho jekundu lilifunga kifuani bila kulia. Mwanajopo mmoja, mama mkali wa hesabu, aliinama kutazama.

"Na haya makwapa ya manjano?"

"Mfalme hainui mikono ovyo, dada."

Mwenyekiti alitembea hatua mbili za mhadhiri. Ya tatu ikawa ya kifalme. Wakanong'onezana kidogo, kisha akaamuru ufunguo wa stoo uletwe, kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake.

Mama Pindo aliupokea kwa mikono miwili. Akampa Mchumi sanduku moja, akabeba la pili, wakaelekea mlangoni, nyuzi za gauni zikimning'inia miguuni.

"Mama! Na hili joho?" mwenyekiti aliita.

"Kaa nalo, ulirudishe Jumatatu. Tutakuwa tumefungua."

Nyayo zao zikapotea koridoni. Mwenyekiti alibaki kwenye kioo cha dirisha, akijigeuza auone mgongo wake, na wanafunzi wawili waliofuata walipobisha hodi, hakuna aliyewaitikia.