Ekwalaiza Iliyochomolewa Jumamosi

Amplifaya ilikuwa yangu, ekwalaiza ilikuwa yake. Mimi nilikuwa Guangzhou, China, kununua jinzi za soko la Shahe na kuzituma Mwanza. Yeye, Mkongo wa Lubumbashi, alichukua viatu soko la Liuhua. Jumapili tulipiga muziki kwenye ibada ya Waafrika, katika chumba cha kupanga juu ya maduka ya viatu. Mimi gitaa la solo, yeye besi.

Kwa miezi kadhaa solo yangu haikusikika. Kinanda na ngoma viliimeza, na nikiongeza sauti, gitaa lilikwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Siku moja akaja na ekwalaiza, kisanduku cha chuma chenye vitufe saba vya kupandisha na kushusha, na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Nikakiunganisha kati ya gitaa na amplifaya. Mkwaruzo ukazidi.

"Si pale mbele, mon frère," akasema. "Geuza amplifaya. Unaona matundu mbili huku nyuma? Hapa sauti inatoka, hapa inarudi. Weka katikati yao."

Alinieleza kwamba ikikaa mbele, ekwalaiza inaichokoza tu amplifaya ikwaruze zaidi. Huko nyuma inaikuta sauti imeshapikwa, inaipandisha ilivyo. Tukainua sauti za kati, tukashusha zile nzito zilizogombana na besi yake. Nikakanyaga swichi. Solo ikatoka safi, ikasimama juu ya vyombo vyote, na mama mmoja aliyekuwa akifagia akaweka ufagio chini akacheza. Tangu siku hiyo nami nilimwita kaka.

Mwaka ule polisi walikaza ukaguzi wa pasipoti. Viza yangu ilikuwa imekwisha. Aliyejua ni yeye peke yake.

Jumamosi moja mchana alinikuta mazoezini, akainama nyuma ya amplifaya, akachomoa ekwalaiza.

"Swichi inasumbua. Naenda kuitengeneza."

Swichi haikuwa na shida. Nilikuwa nimeikanyaga muda huohuo. Lakini sikumuuliza. Mlangoni akageuka.

"Kesho usichelewe, ndugu."

Kesho yake hakuja. Nilipiga bila besi, solo imezama tena. Tulikuwa kwenye wimbo wa pili polisi walipoingia, na mlango ulikuwa mmoja. Walinishika gitaa likiwa bado begani.

Huko mahabusu, mwanakwaya mmoja, Mkongo mwenzake, ndiye aliyenifungua macho. Rafiki yangu alikuwa amepashwa habari za msako tangu Ijumaa na laoban wake, tajiri wa duka alilonunulia viatu. Nilibisha mpaka nikakaukiwa na maneno. Wiki mbili baadaye nilipandishwa ndege, nikarudi nyumbani na nguo za mwilini.

Alinipigia simu nikiwa Mwanza, nimekaa mezani na mke wangu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, ungewaambia wote. Polisi wangejua habari imetoka kwa laoban wangu."

"Na ile 'usichelewe'?"

Akauliza kama ningependa anitumie amplifaya yangu. Nikakata simu.

Kweli, ningewaambia wote. Ningeanza na yule mama wa ufagio. Rafiki yangu alinijua vizuri kiasi hicho, na ndiyo sababu akaniacha.

Mke wangu akauliza ni nani. Nikamwambia mtu amekosea namba.