Moto Uliosubiri Mtandao

Juzi nilikuwa ofisi ya kijiji, huku Handeni ndani, mama mmoja akaingia anahema, kanga imejaa majivu.

"Moto umeshuka kilimani! Mama mkwe yuko ndani, hatembei!"

Mtendaji akatazama simu. "Mbona programu ya moto haijaleta taarifa?"

"Mwanangu, nimeuona kwa macho!"

"Ngoja nipate mtandao." Akatoka, akapanda juu ya jiwe, akainua simu kama anayeomba mvua. Wanaume wa barazani wakamzunguka, wakaikodolea simu. Moshi ulikuwa nyuma yao.

Kwetu moto ukionekana hupigwa yowe, na anayelisikia huacha jembe akakimbilia moto akiwa na matawi mabichi ya kuuzimia. Lakini mwaka jana mkutano wa kijiji ulikataza yowe, eti linaleta taharuki, simu itatuambia.

Yule mama hakungoja mkutano mwingine. Akajishika kichwa, akapiga yowe mpaka mbuzi wakatawanyika. Watu wakatoka mashambani mbio. Bibi, yule mama mkwe, akatolewa ndani akiwa amebebwa mgongoni na jirani. Nyumba haikupona.

Tukiwa tunafukia makaa, simu ya mtendaji ikalia. Akasoma kwa sauti: "Tahadhari. Huenda kuna moto karibu nawe." Uso ukamng'aa. "Mnaona? Inafanya kazi!"

Mama akamgeukia, masizi mpaka kwenye kope. "Ijibu basi, baba. Iambie kwamba bibi tumeshamtoa."

Mimi simu siikatai, hata ninayo. Ila mnara uko mbali huko njia ya Korogwe, na koo ninalo hapa hapa.