Karatasi Zilizofukizwa

Kwangu hakuna karatasi. Ukija dukani kwangu hapa Katesh kununua chumvi, njoo na bakuli, njoo na kibuyu, na ukikosa vyote tandaza upindo wa kanga yako nikumiminie. Wageni hunicheka. "Bibi Rukia, duka gani hili halina hata kipande cha gazeti cha kufungia?" Wengine husonya wakaenda zao. Waende tu. Sababu ninayo, na sababu yenyewe ni baba yangu, Tawakali, ambaye watu wa hapa walimwita Tawakali Karatasi, kwanza kwa mzaha, halafu kwa kunong'onezana.

Baba alikuwa Mrangi wa upande wa Kondoa. Alifika huku akimfuata mfanyabiashara wa ngozi, ngozi zikakosa soko, tajiri wake akarudi kwao, yeye akabaki na mke na mtoto mmoja, ambaye ndiye mimi. Wakati wa vita vya Hitla akapata kazi ya kufagia kwenye kambi ya nzige, bondeni upande wa Gendabi. Nzige wa miaka ile msiniulize. Walikuwa wakitua asubuhi kwenye mtama, jioni umebaki mabua. Serikali ikaleta sumu kwenye mapipa, vibarua wakaichanganya na pumba, wakaimwaga mahali nzige wanapopita. Mzungu wa kambi tulimwita Bwana Nzige, jina lake lingine sikulijua. Chini yake alikuwepo karani, Nikolausi, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, ambaye neno lake kubwa lilikuwa "amri ni amri". Ungedhani amri zenyewe alizaliwa nazo.

Basi ikaja amri ya karatasi. Walisema meli zinazamishwa baharini, karatasi haziji tena, kwa hiyo ofisi yoyote isitupe wala isichome hata kipande. Wafanyakazi wenzake baba waliguna. Baba alifurahi! Maskini baba yangu, hakuwahi kusoma, lakini alipenda karatasi kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alifungua bahasha kuukuu kwa mvuke wa birika, akazigeuza ndani nje, akazigandisha kwa uji wa ngano, zikaenda posta zikiwa mpya kabisa. Zilizoandikwa upande mmoja alizinyoosha kwa pasi ya mkaa, karani akaandika upande wa pili. Zilizochakaa alizitia kwenye magunia kungojea lori la Arusha. Lori lilikuja mara moja tu. Stoo ikajaa magunia hadi mlangoni, na Bwana Nzige akachoka kuyaruka. Akamwambia baba achukue yaliyozidi akatafute pa kuyatumia, mradi yasichomwe.

Hapo bahati ikaingia nyumbani kwetu, au ndivyo tulivyodhani. Mama yangu, Mwamvita, alikuwa akiuza chumvi, magadi na tumbaku siku za mnada. Zamani alifungia kwa maganda ya mahindi, na maganda huvuja. Sasa akafungia kwa karatasi za serikali! Alikuwa na mikono myepesi huyo mama, loo! Analamba kidole, anachomoa karatasi moja. Anaizungusha, anaulamba ukingo, anaubana kwa gumba, kifuko tayari, hata hujamaliza kusema unataka nini. Wanawake wakimtania kwamba analamba vidole kama aliyetoka kula, yeye hujibu, "Mkono mtupu haulambwi, wangu umejaa." Akacheka mwenyewe kabla ya wote.

Taabu ilianzia kwenye mapipa. Ndani ya kila pipa la sumu mlikuwa na karatasi ya kaki, nene, ngumu, pana kama mkeka wa mtoto. Kanuni ya zamani ya kambi ilisema pipa likiisha, karatasi yake ichomwe shimoni. Amri mpya inasema karatasi isichomwe. Sasa mfagizi afanye nini? Baba alikwenda kwa karani akavua kofia. "Bwana karani, hizi za mapipa nazo?" Nikolausi hakuinua hata macho. Alisema, "Karatasi ni karatasi. Amri ni amri." Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule hasira hunipanda, ingawa ameshakufa na wafu hatuwasemi.

Baba hakuwa mpumbavu. Alijua sumu ni sumu. Ila alikuwa na rafiki, Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaigi, jirani yetu kule Gendabi, na kwa miaka mingi alikuwa ameona jinsi wake wa Gidahosh wanavyosafisha vibuyu vya maziwa. Kibuyu kikichacha, hakitupwi. Kinasuguliwa kwa maji, kisha kinatiwa kijinga cha moto cha mti wao maalumu, kinafukizwa moshi hadi ule uchachu uishe kabisa, na maziwa yanayotiwa humo mtoto mchanga anakunywa. Baba akasema moyoni, kama moshi unamlinda mtoto mchanga, utashindwaje na karatasi? Basi akaziosha kaki zile kwa maji, akazianika majanini, kisha akazitundika juu ya moto wa mti uleule alioomba kwa Gidahosh, akazifukiza kutwa. Akazinusa. Harufu ya pipa imekwisha, inanukia kibuyu. Akamletea mama akiwa amezikunja begani, anatabasamu.

Mama alizipenda kuliko zote. Hazipasuki, hazilowi upesi, na tumbaku iliyofungwa humo ilinukia vizuri, wazee wa Kibarbaigi wakawa wanaitaka hiyohiyo. Tatizo lake moja lilikuwa ugumu. Karatasi ya kaki haikubali kubanwa kirahisi, lazima uilambe ukingo mara mbili tatu ndipo ilegee.

Kiangazi kilipoingia mama akaanza kutapika. Tukasema ni mimba, tukafurahi. Haikuwa mimba. Miguu ikamchoma usiku na mchana, anasema anakanyaga sisimizi. Viganja vikawa vigumu, vina vipele vigumu kama mguu wa kuku, na shingoni ngozi ikatoka madoa meusi. Watu wengine pia walitapika msimu ule, wateja wetu, na watoto wao. Walisema ni maji ya visima vinavyokauka. Mungu ndiye anayejua ni wangapi. Baba alimpeleka kwa mganga, mganga akasema kuna jicho la husuda kwenye biashara yake. Akampeleka zahanati, wakampa dawa nyeupe ya tumbo. Aliuza mbuzi wetu, akawa anampikia uji wa maziwa, anamnywesha kwa mkono wake. Na kwa kuwa mama hakuweza tena kusimama mnadani, alikaa kitandani akifunga vifuko, mimi ndiye ninayepeleka. Baba alimhurumia. Ili kumpunguzia uchovu, akawa anamletea kaki nyingi zaidi, maana ndizo zilizouzika.

Yaliyofuata alinisimulia baba mwenyewe baadaye. Alikutana na Gidahosh njiani kwenda kambini. Gidahosh amesimama na mkuki wake, uso umemsawijika. Alikuwa amepoteza ndama, mmoja baada ya mwingine.

"Baba Rukia," alisema, "ndama zangu hazikurogwa. Mimi nimepasua tumbo ya moja. Ndani iko karatasi. Karatasi yako ile ya chumvi."

Ndama hupenda chumvi, wote mnajua. Walikuwa wakizifuata karatasi zilizotupwa uani, wanazitafuna kwa ajili ya chumvi iliyobaki.

Baba akasema, "Nimeziosha. Nimezifukiza kwa mti wako."

Gidahosh akamtazama sana. "Mti wetu anafukuza maziwa mbaya," alisema. "Sumu ya mzungu anaijua wapi?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mama Rukia anaendeleaje?"

Baba alisema hapo alikaa chini mavumbini kama mlevi. Gidahosh hakudai ndama wake. Alimshika bega, akamwinua, akaondoka, na kesho yake akahamisha mifugo iliyobaki akaenda nayo mbali, upande wa Basotu.

Nyumbani mimi niliona hivi. Baba aliingia mbio, akakusanya karatasi zote, zilizo dirishani, zilizo kapuni, hata vifuko mama alivyokwisha kufunga, akamwaga chumvi sakafuni. Mama akapiga kelele, "Una wazimu? Chumvi yangu!" Baba alimtazama mama, akataka kusema, nakuambia niliona anataka kusema, akashindwa. Akatoka na mzigo kichwani, akaenda kambini, akatoa na magunia ya stoo, akatia moto vyote, mchana kweupe, mbele ya Bwana Nzige na karani wake.

Walimkamata palepale. Unajua alishitakiwa kwa nini? Si kwa mama yangu, si kwa ndama, si kwa watoto waliotapika. Alishitakiwa kwa kuchoma karatasi za serikali wakati wa vita. Alipojaribu kueleza habari za sumu, Nikolausi alisema huyu anatafuta kisingizio, karatasi za mapipa huchomwa shimoni, kanuni ipo. Akafungwa miezi sita, jela ya Mbulu. Na huko walipoujua ufundi wake wakampa kazi ya kugeuza bahasha.

Maneno ya sumu hayakutufikia nyumbani; mama alichojua ni kwamba mumewe amechoma riziki ya nyumba bila sababu. Alikasirika, na hasira ikampa nguvu kidogo. "Nitawalisha mwenyewe," aliniambia. Akainama, akaingiza mkono chini ya godoro la majani, akatoa mafungu ya kaki. Alikuwa ameziweka akiba. Zilikuwa nzuri mno kuzitumia ovyo, alizitunza kwa ajili ya miezi ambayo baba hataleta. Akazikata kwa wembe, akaanza. Analamba kidole, anachomoa. Analamba ukingo, anabana. Alifanya kazi kutwa, kuliko alivyowahi kufanya alipokuwa mzima, kwa sababu sasa mlishaji alikuwa yeye peke yake. Mimi nikapeleka mnadani, nikarudi na unga, akanisifu. Mwishoni vidole havikuhisi kitu tena, ukingo akaushikilia kwa meno.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Majirani Waislamu walimwosha na kumzika, na Tekla, jirani yetu Mkristo, akanichukua kwake.

Baba alirudi amekonda, nywele nyeupe. Nilimpeleka kaburini. Alisimama akaomba dua, hakulia. Tulipofika nyumbani nikataka kumfurahisha, nilikuwa mtoto. Nikatoa karatasi ya kaki, ya mwisho iliyobaki, nikamwambia, "Tazama baba, mama hakushindwa. Alikuwa na zake alizoweka akiba, akafunga mpaka mwisho."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akauliza, "Zilikuwa wapi?"

"Chini ya godoro."

Ndipo akaketi, akanisimulia yote, toka pipa la kwanza hadi Gidahosh njiani. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikapiga kelele, mimi mtoto wa kike, nikamkemea baba yangu mzazi, "Kwa nini hukumwambia? Neno moja tu, baba! Kwa nini?"

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba alikuwa ameficha maradhi ya mwenzake.

"Niliona aibu," akasema. "Nilitaka apone kwanza, ndipo nimwambie."

Akainua ile karatasi puani, akainusa. Nami nikainusa, maana alininyooshea. Bado ilikuwa ikinukia kibuyu cha maziwa.