Shemeji Anajilaumu kwa Trekta Nililofunga Mimi

Admin, naomba jina langu libaki kwako, na wale watakaonitambua humu kwa maelezo yangu nawaomba wanyamaze. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto watatu, tunaishi Iringa. Kazi yangu ni dereva wa lori lenye trela. Msimu wa kulima mpunga ukikaribia nabeba matrekta kutoka Mbeya kwenda kuyashusha Rujewa na Madibira. Naandika haya nikiwa nimetulia kabisa, silii, na utulivu huo ndio unaonitisha.

Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, alikuwa dereva wa trekta. Ni mtu mpole, wa kuuliza kabla ya kufanya, mpaka nilikuwa namtania kwamba hata chai anaiomba ruhusa kabla ya kuinywa. Mwaka jana tulipakia trekta la tajiri mmoja kwenye yadi karibu na Mwanjelwa, pale Mbeya mjini. Trekta likipanda kwenye trela linafungwa kwa minyororo minne, miwili inalivuta mbele na miwili inalivuta nyuma, kila mmoja na chuma chake cha kukazia. Hayo nayajua, sikufundishwa jana. Ila siku ile minyororo ya nyuma ilikuwa Rujewa, nilimwazima mwenzangu aliyekwama kwenye tope akabaki nayo.

Na sisi tuna mazoea yetu. Minyororo ikipungua, dereva wa trekta anakaa huko huko juu kwenye kiti chake, anakanyaga breki njia nzima. Tunamwita mnyororo wa nyuma, tunacheka. Sheria hairuhusu mtu kusafiri juu ya mzigo, kwa hiyo mkikaribia trafiki anashuka, anapita kwa miguu kama mpita njia, kisha anapanda tena mbele ya safari. Wengi tumefanya hivyo miaka yote.

Shemeji alikataa. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu hakupandisha sauti. "Shemeji, mguu wangu hauwezi kuzuia chuma chote hiki. Tuazime minyororo hapa hapa mjini, hata tukiondoka mchana si mbaya." Tajiri alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika tano, anasema maji yameshafunguliwa mashambani na wenzake wanalima. Nikamjibu shemeji mbele ya wapakiaji, "Panda bwana, au unataka nimwite dada yako aje akanyage breki?" Watu wakacheka sana. Akapanda.

Tulipokaribia Igurusi, saa nne asubuhi, basi dogo likaingia ghafla mbele yangu kushusha abiria. Nikakanyaga breki. Trekta likasogea mbele, minyororo ikalegea, trela likayumba, na trekta likapindukia mtaroni naye akiwa juu yake. Nilimchomoa mwenyewe, nikasimamisha gari la kwanza lililopita, nikamshika kichwa mapajani mpaka hospitali. Hiyo sehemu ni kweli. Lakini trafiki aliponiuliza yule mtu alikuwa amekaa wapi, nilisema nilimwambia akae na mimi kabini, akapanda juu kwa ubishi wake bila mimi kujua. Nikaandikiwa kosa la kutofunga mzigo sawasawa, mambo yakaishia hapo.

Shemeji alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Siku ile yote imefutika kichwani mwake, na daktari alisema huenda isirudi kamwe. Siku ya kwanza alipoweza kuongea vizuri aliniuliza, "Shemeji, hivi kule juu nilifuata nini?" Nikamwambia, "Ulitaka mwenyewe." Akaniomba msamaha kwa kunitia matatani na askari. Nikamwambia yamepita.

Tangu hapo ukoo mzima unamsema kwa ubishi, mtu ambaye hajawahi kubisha hata bei ya nyanya. Mke wangu anamfokea mdogo wake kwamba asingejifanya mjuaji angekuwa na mguu wake. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyenirudishia mtoto." Shemeji mwenyewe akikutana na madereva wa trekta anawaonyesha mguu uliokatwa, anawaambia wasiwe wabishi kama yeye. Mimi huwa nimekaa pembeni nakula. Nakula vizuri, nalala vizuri, sioni chochote kikinichoma. Siku hizi nafunga minyororo yote minne, natembea kidogo nasimama, nashuka kuikagua upya, mpaka wenzangu wananiita babu minyororo. Sijui namfungia nani.

Sasa Jumapili hii kuna shukrani kanisani kwao. Mama mkwe amealika watu, kuku wameshafungiwa. Shemeji atasimama mbele na magongo yake, aungame ubishi wake, kisha aniite nisimame naye anishukuru kwa kumwokoa. Mke wangu ameshaninyooshea shati. Jana shemeji alinipigia simu, sauti ya chini kama kawaida yake, akasema, "Shemeji, siku ile mimi siikumbuki. Nikikwama pale mbele, naomba unisaidie kueleza ilivyokuwa."

Nikasema sawa.

Nikisema ukweli naweza kupoteza mke, ukweni, leseni, labda na uhuru wangu. Nikinyamaza, atatubu mbele ya kanisa dhambi niliyoifanya mimi, na mimi nitakuwa pembeni yake namkumbusha pale atakapokwama. Ndugu zangu wa humu, nitukaneni mkitaka, ila naombeni mnishauri kabla ya Jumapili: nikiitwa pale mbele, nieleze nini?