Mdila wa Kahawa Chumbani kwa Daktari

Usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza kazini sikulala kwa swali moja: nikikosea kutafsiri neno la mgonjwa, daktari akampa dawa isiyo yake, dhambi itakuwa ya nani? Kufika alfajiri nilikuwa nimeshamuua, nimemzika na kumwombea dua mgonjwa ambaye sijamwona bado. Ulikuwa mwaka 1970. Nilikuwa na shahada mpya ya saikolojia, buibui jipya na wasiwasi wa zamani.

Kliniki yetu ya maradhi ya akili ilikuwa Matrah, Omani, vyumba viwili nyuma ya soko. Daktari Mkuu alikuwa Mhindi mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili, na Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu. Tulikuwa tukizungumza naye Kiingereza. Asubuhi ile alinipa sharti moja.

"Umewahi kuiona falaj, mfereji wa maji shambani?"

"Nimeiona, Daktari."

"Basi wewe ni falaj. Maji yanaingia huku, yanatoka kule. Falaj haitii sukari."

Wagonjwa wengi walikuwa wenzetu waliotoka Unguja. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwaeleza maneno ya taaluma kwa lugha ya nyumbani, na hapo shahada haikunisaidia. Wasiwasi, niliwaambia, ni moyo kukimbia mbio na mwenyewe umekaa kitako. Huo niliujua bila kitabu. Mfadhaiko ni mizigo kuzidi mikono. Kiwewe ni jambo lililokwisha zamani, ila mwili haujapata khabari. Sonona ndiyo iliyonishinda. Nilisema ni huzuni kubwa, wakaitikia kwa adabu, na mimi nikajua sijasema kitu.

Jumamosi moja akaja Bi Zuwena, mama wa makamo, ameletwa na bintiye. Binti alininong'oneza mlangoni: "Mama hapiki tena, hatoki, hacheki. Na kicheko chake kilikuwa kikisikika mtaa wa pili."

Tukaingia. Daktari Mkuu akaniambia nimuulize hali.

"Bi Zuwena, akhbari zako?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Hapana akhbari."

"Usingizi?"

"Alhamdulillah."

"Na chakula?"

"Alhamdulillah. Wewe je, mama yako hajambo? Mbona mwembamba hivyo, hawakupi kula hapa?"

Nikatafsiri kama falaj: hana shida. Daktari akaandika "mzima" kwenye kadi. Bi Zuwena akajitanda mtandio wake, akatoka.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kwetu, mtu akiulizwa akhbari hujibu hapana akhbari, hata kama ametoka kuzika. Hiyo ni adabu tu. Anakaribishwa, kahawa inapita, na baada ya finjani ya pili au ya tatu ndipo khabari yenyewe hutoka. Mimi nilitafsiri adabu, mgonjwa nikamwacha.

Nikasimama nikiwaza. Nikimrudisha, Daktari atanifukuza. Nisipomrudisha, atakaa gizani mpaka lini? Na nikimrudisha kisha kweli hana kitu? Niliwaza mpaka nikaona mguu wake unavuka kizingiti cha nje. Nikakimbia. Kwa mkono mmoja nikamshika yeye, na kwa wa pili nikauchukua mdila wa bawabu, buli lake la kahawa, bila hata kumwomba.

"Unafanya nini?" Daktari aliuliza tulipoingia tena.

"Daktari, maji yalikuwa hayajafika kwenye falaj."

Alinitazama, kisha akaweka kalamu chini. Tukanywa sote wanne. Tukazungumza joto, tukazungumza samaki, tukamaliza harusi nzima ya jirani. Finjani ya tatu Bi Zuwena aliishika tu mkononi.

"Mwanangu, kahawa hii chungu?"

"Chungu, Bi."

"Mie siisikii. Miezi sasa. Halwa, samaki, chumvi, vyote kama nnaramba ukuta. Nnaona haya hata kusema. Wenzangu wana misiba yao, mie nna nini?"

Bintiye akaanza kulia. Maelezo niliyokuwa nikiyatafuta yalikuwa kinywani mwa Bi Zuwena, na nimeyatumia miaka yangu yote ya kazi: huzuni humliza mtu kwa alichokikosa, sonona humwondolea ladha hata ya alivyo navyo. Nikamtafsiria Daktari, naye akalifuta neno "mzima", akaanza kadi upya, akamtaka arudi kila Jumamosi.

Sasa nimestaafu. Vijana wenye shahada zao huja kutoka ofisi za wizara kule Al Khuwair kuniuliza nilifuata njia gani. Nikiwatajia mdila hucheka, wakidhani natania. Huniuliza pia kama ule wasiwasi uliniacha. Haukuniacha, tulizoeana tu, ukawa unakuja nami kazini.

Lakini Jumamosi niipendayo zaidi ilikuja wiki kadhaa baada ya ile ya kwanza ya Bi Zuwena. Siku hiyo Daktari Mkuu aliteleka kahawa kwa mkono wake, mara ya kwanza, akaimimina kwa fahari. Bi Zuwena akaonja, akakunja uso.

"Nani kapika balaa hili? Kahawa gani hii, kama maji ya kusuuzia sufuria! Hata iliki hamna!"

"Anasemaje?" Daktari aliniuliza, akitabasamu.

Nikaanza kuwaza. Huyu ni mkubwa wangu. Yule ni mgeni wake. Kisha nikaacha kuwaza, nikamtafsiria neno kwa neno, mpaka kwenye sufuria na iliki, bila kutia sukari hata chembe.