Mume Wangu Aliposamehe Ulezi Wangu

Upepo wa kiangazi huku kwetu Ufipa ni mkavu na wa baridi, unapasua midomo. Siku ile ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Nilikuwa uani nafua nilipoona moshi upande wa mashambani, na sikushtuka. Msimu huo watu huchoma majani ili ng'ombe wapate machipukizi. Nilishtuka baadaye, nilipoona moshi umelala chini na unakimbia, na mbele yake uko uwanja wangu wa kupuria.

Ulezi wangu wote ulikuwa pale, umelundikwa unangoja kupigwa. Nilikuwa nimeupanda mimi na binti yangu mkubwa, tukaupalilia, tukaukata suke kwa suke kwa kisu. Mume wangu ni katekista, watu humwita Mwalimu. Muda wake mwingi ni wa kanisa, wagonjwa na mafundisho ya watoto, na shamba la ulezi tangu tuoane ni langu.

Tulikimbia na matawi mabichi. Majirani wakaja na ndoo. Lakini ulezi mkavu ukishashika moto huwa unaungulia ndani, unazima huku unafuka kule. Tulipochoka kupiga, lundo lilikuwa jivu lenye punje nyeusi zilizopasuka. Harufu yake ilikuwa nzuri, kama ya ulezi unaokaangwa jikoni, na hiyo harufu ndiyo iliyoniliza.

Aliyewasha moto alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, baba wa ubatizo wa mwanetu wa tatu. Alitaka kuchoma malisho yake tu. Hakufyeka njia ya kuzuia moto, wala hakutoa taarifa kijijini kama tunavyotakiwa. Aliona upepo umetulia kidogo, akawasha.

Jioni ile alikuja kwetu, nguo zimejaa masizi, akapiga magoti mlangoni. Mume wangu hakumwacha hata amalize. Alimshika mabega akamwinua.

"Simama, ndugu yangu. Nimekusamehe. Yameisha."

Jumapili akalirudia jambo hilo mbele ya jumuiya yetu, akisema msamaha ni wajibu wa Mkristo, na watu wakapiga makofi. Wanawake walinishika mikono wakanipongeza kwa kuwa na mume kama yule. Nilitabasamu. Tulipofika kwenye Baba Yetu, pale panaposema kama tunavyowasamehe waliotukosea, nilifumba mdomo. Sikutaka kumdanganya Mungu.

Siku zilizofuata tulikula ugali wa mahindi na tulikuwa na mahindi ya kutosha kwa muda, lakini nilijua masika yangetukuta na ghala tupu. Mbegu pia zilikuwa zimeungua. Nilipomweleza mume wangu, alisema Mungu atatoa njia. Nikamuuliza, "Na jirani je? Yeye hatoi?"

"Mama, nimeshamsamehe. Nikimdai tena, msamaha wangu utakuwa wa aina gani?"

Nilibaki na hasira, na kila nilipomwona yule jirani iliongezeka, maana alianza kutukwepa. Zamani alikuwa akipita kwetu kila asubuhi kumsalimia mwanawe wa ubatizo. Sasa alizunguka kwa njia ya juu. Kanisani alikaa nyuma kabisa, akatoka kabla ya baraka ya mwisho. Mke wake, ambaye alikuwa akija kuazima ungo na kukaa nusu siku tukicheka, hakuja tena. Nikasema moyoni, amepata msamaha wa bure, sasa hata salamu imekuwa gharama.

Asubuhi moja nilijitanda khanga yangu nzuri nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Nilimwambia sitaki mtu akamatwe. Nilitaka kujua sheria inasemaje.

"Inasema una haki, mama," alinijibu. "Aliyewasha moto bila tahadhari ukaharibu mali ya mwenzake anawajibika kumfidia. Unaweza kufungua madai mahakama ya mwanzo. Lakini kwanza niwaite mkae hapa, na bwana shamba akadirie hasara. Mkielewana, mahakamani hakuna haja."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, uso umebadilika.

"Umeniaibisha. Katekista amesamehe mbele ya watu, mke wake anakwenda kushitaki!"

"Sijashitaki. Nimeuliza."

"Ni yale yale."

Tukaishi siku kadhaa kama wapangaji, kila mtu na kimya chake. Mwisho yeye mwenyewe akaenda kumwita paroko aje anionye. Nadhani ndivyo alivyotarajia. Padri alikuja na pikipiki yake, akanywa chai, akatusikiliza wote wawili bila kumkatiza yeyote. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mwalimu, mtu akiiba mbuzi akaja kuungama, mimi namwambiaje?"

"Unamwondolea dhambi, Baba Paroko."

"Na mbuzi?"

"Amrudishe," alisema mume wangu.

"Naye jirani yenu si mwizi, moto ulimponyoka. Lakini hata sheria ya Musa inalisema jambo la moto waziwazi, kwamba ukitoka ukala nafaka ya mwingine, aliyeuwasha atalipa. Haisemi achukiwe, wala haisemi afungwe. Inasema alipe. Bwana wetu hakuja kuifuta haki hiyo. Zakayo alipompokea nyumbani kwake, mwenyewe alisimama akasema atawarudishia watu, na Bwana alifurahi." Akaweka kikombe chini. "Halafu kuna jambo lingine, Mwalimu. Ulezi aliulima nani?"

Mume wangu alinitazama. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyesahau kitu na sasa anakumbuka alikiacha wapi.

"Yeye," akasema.

"Basi wewe umesamehe hasira yako, na umefanya vema. Ulezi haukuwa wako wa kusamehe."

Padri alipoondoka mume wangu hakuomba radhi kwa maneno. Alichukua jembe na ufagio akaenda kuufagia na kuusawazisha ule uwanja uliokuwa bado mweusi, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Aliporudi akasema, "Siku ya kukaa kwa mtendaji nitakwenda na wewe." Nilihisi mabega yangu yakishuka. Sikuwa nimejua nilikuwa nimeyabana kiasi kile.

Siku yenyewe nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu yote kichwani. Bwana shamba alieleza alivyolipima lile eneo lililoungua, akamuuliza jirani kama anakubaliana na makadirio. Jirani alisimama, kofia mkononi.

"Nakubali," alisema. Akaikunja ile kofia. "Nilikuwa nangoja mtu aniambie nilipe. Mwalimu aliponisamehe siku ile, nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Kila nikiona ghala langu limejaa naona aibu. Nilitaka kuleta gunia, mke wangu akasema tukipeleka tutaonekana tumeukataa msamaha wa Mwalimu. Ndiyo maana napita njia ya juu. Ningewatazamaje?"

Mke wake alikuwa analia kwenye kona ya khanga. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi maneno yangu yote yalinipotea, na sikuyatafuta.

Tulielewana pale pale. Ulezi wa kwenye ghala lake usingetosha kujaza ule ulioungua, na kama angeutoa wote, watoto wake wangelala njaa badala ya wangu. Nikasema atoe wa chakula na wa mbegu. Ule niliokuwa nimepanga kupikia pombe, nauachilia.

"Hapana, shemeji," akasema. "Huo nitakulimia. Nina ng'ombe na plau. Mvua zikianza nitaanza na shamba lako."

Mtendaji akauliza kama kuna mwenye neno. Mume wangu akasema analo. Akamwomba jirani radhi kwa kumbebesha msamaha asioweza kuubeba, kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, akasema, "Na mke wangu pia. Nilitoa kisichokuwa changu." Nilitazama dirishani ili nisilie.

Jumamosi mkokoteni uliingia uani kwetu na magunia. Tuliyapokea, tukayapanga, na mke wake akaingia jikoni kwangu bila kukaribishwa, akachukua mwiko. Walikula kwetu. Wakati wa kunawa mikono nilimsogelea jirani yangu nikamwambia, "Nimekusamehe." Lilikuwa jambo dogo la kusema, na lilikuwa kweli. Alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye maji, akasema, "Sasa nimesikia."

Mvua za kwanza ziliponyesha alikuja na ng'ombe kabla hata sijawasha moto wa chai. Alilima siku nzima akiwafokea wale ng'ombe kwa Kifipa, akiwaita majina ya kuchekesha hata mwanetu wa tatu akawa anamfuata nyuma akiyarudia. Siku hizi watu wakija kwa mume wangu kupatanishwa, huwasikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza ni kitu gani kimeharibika na ni cha nani. Mimi huwa jikoni, nawapikia chai, nasikia swali hilo, naongeza sukari.