Usaili Nilioufanyia Kitandani

Nisiwafiche, hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka. Nina selimundu, maradhi ya damu niliyozaliwa nayo. Maumivu ndiyo yaliyoniachisha ualimu hapa Chake Chake, na tangu hapo kengele ya skuli ya jirani ikilia, moyo wangu huinuka na mwili hubaki kitandani.

Siku moja nikaitwa kwenye usaili wa kufundisha Kiswahili kwa mtandao. Siku yenyewe miguu ikaamka inauma. Nikajitanda mtandio mpya, nikaegemea mto, simu ya usaili nimeisimamisha mbele yangu, na mama akawa ananikanda miguu kwa kitambaa cha maji moto, pale kamera isipofika.

Bibi aliyenisaili akaniuliza kuhusu afya yangu.

"Njema kabisa, alhamdulillahi," nikajibu. "Kila asubuhi natembea hadi sokoni na kurudi."

Mama akakikamua kitambaa.

Tulipoagana nikabonyeza kitufe, picha ikapotea, nami nikalia. "Mama, nimesema uongo. Sokoni sijafika tangu mwezi wa Ramadhani. Lakini naitamani kazi hii. Nimewakumbuka wanafunzi, hata wale watundu."

"Riziki anatoa Mungu, mwanangu. Nyoosha mguu."

Simu ikakohoa.

Kumbe nilikuwa nimezima kamera tu, mazungumzo sikuyakata. Nikabaki nimeikodolea macho simu, mguu mmoja mikononi mwa mama.

"Bi Asha," ikasema sauti ya yule bibi, taratibu, "bado nipo. Jifute machozi, tuanze usaili upya. Safari hii niambie kweli."